Mkalimani wa Walioachwa

Kikosi cha Arishi kilikuwa kimeacha kuzika. Mwanzoni kila maiti ilipata shimo lake na mafuta kidogo ya kumwagiwa, na mtu alitajwa kwa jina la baba yake kabla ya kufukiwa. Baadaye wakawa wanafukia watano watano. Kisha wachimbaji wenyewe wakaanza kuvimba koo, migongo ikawauma kana kwamba imekanyagwa na farasi, malengelenge yakawatoka mwili mzima, na siku ya tano au ya sita wakawa wao ndio wa kuzikwa. Tangu hapo hakuna aliyetaka kushika jembe. Maiti zililala palepale zilipoangukia, ukingoni mwa kinamasi, na upepo ukigeuka watu walijifunga puani vitambaa vilivyochovywa kwenye siki.

Walikuwa wamevuka bahari kuja Sisilia shayiri ikiwa bado mbichi mashambani, jeshi zima la Kartago na watu wake wa kila aina, kuja kuuteka mji wa Wayunani ambao kuta zake walikuwa wakiziangalia hadi leo. Mji haukutekwa. Maradhi ndiyo yaliyoiteka kambi. Wayunani walipoona hivyo walitoka, wakachoma nusu ya merikebu zilizotia nanga pwani, wakarudi ndani kupumzika. Hawakuwa na haraka. Adui yao alikuwa akifa bila kuguswa.

Arishi alikuwa askari wa miguu, wa mkuki mrefu na ngao ya mviringo, umri wake miaka thelathini na mmoja. Baba yake alikuwa Mfoinike wa Kartago, mwenye mashamba ya mizeituni huko kwenye rasi, na mama yake alikuwa binti wa Walibia waliolima mashamba yaleyale. Chotara kama yeye walikuwa wengi Afrika, miji mizima, na kila vita ilipotangazwa wao na Walibia ndio waliopangwa mstari wa mbele. Kwa watu wa Kartago, Arishi alikuwa Mlibia aliyeoga. Kwa Walibia wa bara alikuwa Mkartago aliyeungua jua. Lakini alijua lugha zote mbili, Kifoinike na Kilibia, tangu titi la mama, na kwa sababu hiyo kila amri iliyotoka kwa wakubwa ilipitia kwake kabla ya kuwafikia watu wa kikosi. Walimwita Mdomo.

"Mdomo, wanasemaje leo?" ndiyo ilikuwa salamu yao.

"Wanasema mkaoge, mnanuka."

"Waambie waje watuogeshe wenyewe."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakitaniana zamani, walipokuwa mia moja na ishirini. Sasa walikuwa arobaini na kitu, na utani ulikuwa umebaki kwa mtu mmoja tu, Palu, jitu la mabega mapana lililokuwa na pengo la meno matatu na sauti ya kuitia ng'ombe toka bonde hadi bonde.

Miongoni mwa wagonjwa alikuwamo Masgava, mjomba wa Arishi, mdogo wake mama. Masgava hakuitwa vitani. Umri wake ulikuwa umepita. Alikuja kwa hiari yake, kwa sababu dada yake alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Mwanangu huyo hana mtu huko. Wa baba yake hawamjui." Basi Masgava akachukua mkuki wa kuwindia, akamfuata mpwa wake ng'ambo ya bahari. Na sasa ilikuwa siku yake ya nne, koo limevimba hata maji yanapita kwa shida, na Arishi alikuwa akimlisha uji mwepesi wa ngano kwa kidole, kama mtoto.

Alasiri ya siku hiyo alikuja Gersakoni.

Gersakoni alikuwa mtoto wa baba mmoja na Arishi, lakini mama yake alikuwa mke wa mjini, bibi wa nyumba ya ghorofa tatu karibu na bandari. Alimzidi Arishi miaka minne, na alikuwa mkuu wa watu mia katika kundi la raia wa Kartago waliopiga hema zao pwani, mbali na kinamasi. Tangu vita ianze alikuwa amepishana na Arishi mara tatu, na mara zote tatu alikuwa na jambo la kutazama upande wa pili.

"Arishi, ndugu yangu," alisema.

Arishi aligeuka kuangalia nyuma, kama kuna Arishi mwingine.

"Nakuita wewe."

"Nimesikia, kaka. Masikio ndiyo hayakuamini."

Gersakoni hakucheka. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vikipapasa mkanda wa upanga bila kutulia. Alimpa Arishi kikopo cha asali kilichozibwa kwa nta. "Cha mjomba wako. Nimesikia hajiwezi."

Asali kambini hapo ilikuwa jambo la kusimuliwa. Arishi alikipokea kikopo kwa mikono miwili, na aibu ilimpanda kwa jinsi moyo wake ulivyochangamka. Neno lile "ndugu yangu" alikuwa akilisubiri tangu ana miaka saba, tangu siku alipopelekwa kumwona baba yake mjini akaketishwa jikoni pamoja na vijakazi.

"Kuna amri kutoka kwa jemadari," Gersakoni aliendelea. "Wewe utawaambia Walibia, kikosi chako na vile viwili vya jirani, maana wakalimani wao wamekufa. Tunajiandaa kushambulia. Jua likitua, wote wahamie juu, upande wa barabara ya mlimani, walale huko na silaha zao. Wawashe moto mwingi ili adui aone tumejaa. Na mtu yeyote asishuke pwani. Merikebu zinatengenezwa, hatutaki msongamano."

"Zinatengenezwa na nani? Mafundi si wameisha?"

"Na waliobaki."

"Na mashambulizi ni lini?"

"Mtaambiwa." Gersakoni alitazama hema la wagonjwa, akatazama bahari. Kisha akashusha sauti. "Wewe njoo ulale kwangu leo."

"Kwako? Kuna nini?"

"Ndugu akimwita nduguye lazima kuwe na kitu?"

"Mjomba nitamwacha na nani? Basi nije naye, nitambeba mgongoni."

"Hapana. Mgonjwa hapana. Wewe peke yako, na usiage mtu."

Arishi alisimama na kikopo chake cha asali. Nzi walikuwa wamekwisha kunusa nta. "Basi sitaweza, kaka," alisema. "Huyu alikuja huku kwa ajili yangu."

Gersakoni akajifunga joho vizuri. "Nimekwambia," alisema. "Baba akiniuliza, nitasema nilikwambia." Akaondoka kwa hatua za haraka, akiruka madimbwi.

Baba akiniuliza. Baba alikuwa Kartago, ng'ambo ya bahari, mwendo wa siku kadhaa kwa tanga. Arishi alilisikia neno hilo na lilimchoma, na alijua lilikuwa na maana yake, kama mtu anavyojua kuna nyoka ndani ya nyasi kwa jinsi nyasi zilivyotikisika. Lakini hakuinama kutazama. Alijiambia kaka yake amechoka. Alijiambia mtu haleti asali kwa mtu anayemtupa. Alikwenda kumpaka mjomba wake asali kwenye ulimi.

Kabla jua halijashuka alipanda juu ya gari lililovunjika gurudumu na kuwakusanya watu wa vikosi vitatu, wale walioweza kusimama. Aliwapa amri kwa lugha yao, neno kwa neno. Wahamie mlimani. Moto mwingi. Pwani hapana. Mashambulizi yanakuja.

Palu aliinua mkono. "Mdomo. Tushambulie na nini? Nusu yetu tunajisaidia damu."

"Ndivyo walivyosema."

"Na kwa nini pwani hairuhusiwi? Mimi huteka maji kwenye kile kisima cha pwani. Vingine vyote ni mchuzi wa maiti."

"Merikebu zinatengenezwa."

"Zinatengenezwa!" Palu aliwatazama wenzake, kisha akamrudia Arishi, na safari hii hakukuwa na utani sautini mwake. "Sikiliza, mwana wa dada yetu. Yale wanayosema wao nimeyasikia. Sasa nakuuliza wewe. Ni kweli?"

Watu zaidi ya sabini walikuwa wakimwangalia. Arishi aliona wazi njia mbili. Angeweza kusema: sijui, kaka yangu ameniita peke yangu na amenikataza kuaga, na sikupenda macho yake. Maneno machache tu. Lakini baada ya hapo ingekuwaje? Wangeshuka pwani na mikuki, damu ingemwagika, na kama mashambulizi yalikuwa ya kweli, yeye ndiye angesulubiwa kwa kulivunja jeshi, kama walivyofanyiwa wengine. Na tena, jambo ambalo hakulikiri hata kwa nafsi yake mpaka baadaye sana: mara hii moja aliyoitwa ndugu, hakutaka kuwa yeye wa kwanza kumwita ndugu yake mwongo.

"Ni kweli," alisema.

Palu alitikisa kichwa. "Haya. Umesema wewe." Wakaenda kufunga mizigo yao.

Walihamia mlimani, wakawabeba wagonjwa kwenye ngao. Waliwasha moto hata wakachoma mashina ya mizeituni ya Wayunani. Masgava alilala kwa mara ya kwanza tangu augue, labda kwa sababu ya asali, na Arishi alilala ubavuni pake kama jiwe.

Kulipokucha, jambo la kwanza lililomwamsha lilikuwa ukimya. Kambi ya jeshi haina ukimya asubuhi. Kuna watu wanaokohoa, kuna nyumbu, kuna anayemtukana mwingine kwa sababu ya sufuria. Kutoka pwani hakukuja kitu. Arishi alisimama, akatazama chini, na mahali zilipokuwa merikebu arobaini zilizonusurika moto kulikuwa na maji matupu yaliyong'aa.

Alishuka akikimbia. Hema zilikuwa zimesimama zote. Ndani ya hema la Gersakoni alikuta kitanda kimetandikwa, taa, na bakuli la uji ulioganda na kijiko kimesimama katikati. Mchanga wa pwani ulikuwa umevurugwa na maelfu ya miguu, yote ikielekea upande mmoja.

Ndani ya hema la jirani mtu alikuwa akicheka. Alikuwa karani mmoja wa Kartago, mzee, koo limevimba hata shingo imelingana na kichwa. "Usihangaike kutafuta," alimwambia Arishi kwa sauti ya kukwaruza. "Wamekwenda. Jemadari amefanya biashara na Wayunani. Amewapa fedha yote ya jeshi, na wao wamegeuza macho mpaka raia wamekwisha kupanda. Raia tu. Hilo ndilo sharti." Akakohoa, akafuta midomo. "Mimi ni raia, babu yangu raia, na babu yake. Lakini nina koo hili. Basi wamenihesabu pamoja na nyinyi. Angalau hawakubagua."

"Wote walijua?"

"Waliokuwa na miguu ya kutembea, walijua."

Arishi alikaa chini kwenye mchanga wa hema la mtu asiyemjua. Mla nawe hafi nawe, husema watu, ila mzaliwa nawe. Yeye alikuwa na mzaliwa naye mmoja tu duniani, na huyo saa hii alikuwa katikati ya bahari, tanga limejaa upepo, akitunga maneno ya kumwambia baba.

Aliporudi mlimani walikuwa wamekwisha kuona wenyewe. Hawakumpigia kelele. Walimfungulia njia tu, kila mmoja akijivuta pembeni kama anayempisha mwenye ukoma, na mwisho wa njia hiyo alisimama Palu.

"Ulisema ni kweli," Palu alisema.

"Niliambiwa hivyo."

"Sikukuuliza ulichoambiwa. Nilikuuliza wewe." Palu alimtandika kofi moja, si la nguvu sana, akamwacha. Arishi alitamani lingekuwa la ngumi.

Masgava alikuwa macho. Alikuwa amesikia yote, maana wagonjwa husikia kuliko wazima. Alimwita mpwa wake kwa kidole.

"Ulijua?"

Arishi alipiga magoti. Kwa mtu huyu hakuweza kusema uongo. "Aliniita nikalale kwake, mjomba. Alinikataza kuaga. Nilishuku. Sikutaka kushuku."

Masgava alifunga macho. Pumzi yake ilitoka kwa mluzi mwembamba. "Nusu ulijua," alisema. "Kila kitu chako ni nusu, mwanangu. Si kosa lako. Ndivyo tulivyokuzaa." Akatafuta mkono wa Arishi akaushika. "Lakini hukwenda."

"Sikwenda."

"Mwambie mama yako hivyo. Mwambie hukwenda."

Alikata roho kabla ya jua kupanda juu. Arishi alikataa kumwacha chini ya nzi. Alichimba kwa kipande cha ngao, peke yake, maana hakuna aliyekuja kumsaidia, na udongo wa mlima ule ulikuwa changarawe na mizizi. Alimkunja mjomba wake magoti kifuani, kichwa kikielekea magharibi, kama wanavyolazwa watu wa bara tangu zamani. Hakuwa na udongo mwekundu wa kumpaka. Alitumia vumbi la tofali lililovunjika.

Bado alikuwa akisawazisha kaburi kwa viganja Wayunani walipotokea pande zote za mlima, wamejaa afya, helmeti zao zinang'aa. Hakukuwa na vita. Waiberia, askari wa kukodiwa wa jeshi lilelile, waliokuwa ng'ambo ya bonde walijikusanya kundi moja na silaha zao, wakapeleka mjumbe mwenye lugha. Walibia hawakuwa na mkubwa wala mjumbe. Wengine walitupa ngao wakainua mikono, wengine walilia. Kikosi cha Arishi na mabaki ya vile viwili waliswagwa mpaka penye uwazi chini ya mlima, wakakalishwa mistari, watu sabini na wanne walioweza kutembea.

Alikuja ofisa wa Wayunani juu ya farasi, na kando yake mfanyabiashara mnene wa Sisilia aliyejua Kifoinike. Mnene yule alipaza sauti kwa Kifoinike: "Nani kati yenu atawasemea?"

Macho ya watu wote yalimwendea Arishi. Alianza kuinuka.

"Si huyo," alisema Palu.

"Palu, ni mimi tu ninayeijua lugha hii vizuri," Arishi alimnong'oneza.

"Ndiyo. Na ona ilivyotufaa. Kaa." Mkono wa Palu ulimshusha kwa bega. "Tifani! Wewe ulifanya kazi bandarini Kartago. Simama."

Tifani alikuwa mchukuzi, aliyebeba mitungi ya mafuta na samaki wa chumvi bandarini kwa miaka mitatu. Kifoinike chake kilikuwa kile cha gatini: beba, weka, haraka, mbwa wewe. Alisimama.

Mfanyabiashara alisema maneno yake mara moja tu, kama mtu aliyekwisha kuyasema kwa makundi mengine na bado ana makundi mbele. Mtawala wa mji anahitaji askari. Atakayekubali kubeba ngao yake, atoke asimame kushoto, atapewa chakula na mshahara kama Waiberia waliokwisha kukubali. Asiyetoka ni mtumwa na atapelekwa machimboni. Farasi wa ofisa alikuwa akipiga kwato chini.

"Anasemaje?" Palu aliuliza.

Tifani alijilamba midomo. "Anasema... wanaotaka kubeba watoke, waende kushoto."

"Kubeba nini?"

"Hilo jingine sikulishika. Mizigo. Anasema kubeba, na anasema mtumwa, na kuna mambo ya mawe."

Mguno ulipita kwenye mistari. "Yaani wanataka tujitoe wenyewe tukawe wapagazi," alisema mmoja. "Mtu ajipeleke utumwani kwa miguu yake!"

"Sivyo!" Arishi alipaza sauti. "Ni ngao! Kubeba ngao, kuwa askari wake! Wanaotoka ndio wanaopona. Wanaobaki ndio wanaokwenda kwenye mawe. Tokeni! Palu, kwa jina la mama yangu, tokeni!"

Hakuna aliyesogea. Baadhi walimtazama Palu. Palu alimkazia macho Arishi, na mikunjo ya uso wake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko mwenye hasira.

"Jana ulituambia tubaki, tukabaki," alisema. "Leo unatuambia tutoke. Haya, kama ni kweli, toka wewe kwanza."

Na hapo Arishi akasita. Kushoto palikuwa hatua ishirini tu. Lakini kuinuka peke yake na kwenda kuokoka mbele ya macho yao, siku ileile? Alimwona Gersakoni akiruka madimbwi. Alisikia, *lakini hukwenda*. Alisema moyoni, sitawaacha, hata wakinichukia sitawaacha kama walivyoachwa. Akakaa imara mahali pake, na kwa kitambo kifupi sana alijiona mtu mwema.

"Mnaona?" Palu aliwaambia wenzake. "Hata yeye mwenyewe hatoki."

Ndipo Arishi alipoelewa alichofanya. Aliruka kama aliyechomwa, akawakanyaga watu, akielekea kushoto huku akipiga kelele kwa Kifoinike, "Ninatoka! Ninatoka! Hawakuelewa, bwana, warudie maneno!" Lakini ofisa alikuwa amekwisha kugeuza farasi, na mnene wa Sisilia alikuwa amekwisha kuwapungia mkono askari wa kamba. Mti wa mkuki ulimpiga Arishi kifuani ukamrudisha chini. Mfanyabiashara alimtazama juu ya bega. "Mnapewa nafasi mnaitemea mate," alisema. "Wasumbufu nyinyi."

Waliwafunga wawili wawili, shingo kwa shingo. Arishi alifungwa na Palu.

Machimbo yalikuwa nyuma ya mji, shimo lenye kuta ndefu nyeupe, juu kabisa kipande cha mbingu. Mchana jua lilirudishwa na mawe kutoka pande zote, na usiku baridi ilitambaa sakafuni. Walipewa kikombe cha maji na vikombe viwili vya shayiri kwa siku, ikiwa na makapi. Tifani alikufa kwanza, katika juma la pili, jiwe lilipomwangukia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza tena kuhusu neno lile moja. Arishi alikuwa ameomba wasimuulize, na lilikuwa ombi pekee walilomkubalia.

Mwanzoni mwa majira ya mvua walinzi wapya waliwekwa juu ya ukingo. Palu alikuwa wa kwanza kuwatazama vizuri. Walikuwa Waiberia, wamenenepa, na mikononi wana ngao mpya zenye alama ya mji. Mmoja alikuwa akila kitunguu. Palu alisimama na nyundo yake akiwatazama hata msimamizi akamchapa mgongoni mara mbili, na hakuonekana kusikia.

Jioni hiyo, walipokuwa wamekaa na kamba yao katikati, alisema, "Neno lile. Lilikuwa ngao."

"Lilikuwa ngao," alisema Arishi.

Palu alitafuna shayiri yake polepole kwa upande wenye meno. "Watu sabini na wawili," alisema. "Ukitoa mimi na wewe." Walikuwa wamebaki ishirini na mmoja.

"Ningetoka ulipo..."

"Nyamaza." Hakusema kwa ukali. "Nyamaza tu, Arishi. Sina nafasi tena ya kuweka maneno yako."

Hakuongea naye tena, wala na mtu mwingine. Alifanya kazi yake, alikula, alilala. Baridi ilipozidi, alijisogeza mgongo kwa mgongo na Arishi kwa sababu kamba ilikuwa fupi na hakukuwa na joto jingine. Siku moja kabla ya mvua kwisha mgongo ule ulikuwa baridi kama ukuta. Msimamizi alikuja na kisu, akakata kamba, akamfunga Arishi na mtu kutoka upande wa pili wa shimo, Mgaul, mtu wa kaskazini ya mbali, ambaye hakujua Kifoinike wala Kilibia wala lugha yoyote ambayo Arishi aliwahi kuisikia.